Mjadala: Harusini tusome "cleave", au tuachane na Kiingereza cha 1611?

Mjomba wa Moshi
Wakuu, naomba mawazo kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo. Mpwa wangu anaolewa. Wakwe ni Wamarekani, Kiswahili hawajui, kwa hiyo somo la Mwanzo 2:24 litasomwa kwa Kiingereza na msomaji ni mimi. Bibi harusi anataka Biblia ya King James, ile ya 1611. Humo mwanamume anawaacha baba na mama, kisha "shall cleave unto his wife". Sasa juzi kikaoni, mdogo wake bibi harusi akauliza mbele ya wazee: hilo si neno la kupasua? Lile panga la buchani si ndilo linaitwa "cleaver"? Wazee wote wakanigeukia, nami sikuwa na jibu. Msimamo wangu ni kwamba neno lililokufa lisisomwe harusini. Tafsiri za sasa zinasema ataungana na mkewe, na kila mtu anaelewa. Mnasemaje?

Mwalimu Mstaafu
Kijana kapatia nusu. Hivyo ni vitenzi viwili vilivyovaa kanzu moja. Waingereza wa kale walikuwa na clēofan, kupasua, na clifian, kugandamana. Matamshi yakasogeleana karne kwa karne mpaka vyote vikawa "cleave". Biblia hiyohiyo inavyo vyote: Mwanzo 2 mume anaambatana na mke, Mwanzo 22 Ibrahimu "clave the wood", akachanja kuni za sadaka. Zaburi nazo ni vivyo hivyo. Ya 78 Mungu anapasua miamba jangwani, ya 137 ulimi unagandamana na kaakaa la kinywa, Kiingereza ni kilekile. Kiebrania hakina utata huo: la ndoa ni davaq, na gundi katika Kiebrania cha leo imepata jina lake humo, la kuni ni baqa. Neno halina kosa. Kosa ni usomaji wa kivivu.

Mjomba wa Moshi
Shikamoo Mwalimu. Darasa nimelipokea, ila hilo la mwisho limenichoma. Mvivu hapo ni nani? Mimi niliyekuja kuuliza, au kijana wa watu aliyeuliza kwa nia njema? Wageni mia mbili watakaa kwenye viti, hawatakuwa na Kiebrania mkononi.

Dada Mhariri
Mjomba yuko sawa, na Waingereza wenyewe ni mashahidi. Kitabu cha sala cha Kanisa la Uingereza cha 1549 kiliwaapisha maharusi "till death us depart". Siku hizo depart ilikuwa na maana ya kutenganisha. Maana hiyo ikafifia, watu wakawa wanasikia kuondoka tu, na toleo la 1662 likaandika "till death us do part". Walibadilisha maneno ya kiapo chenyewe, mbele ya madhabahu, kwa sababu neno lilikuwa limehama. Kama kiapo kilibadilishwa, kwa nini somo lisibadilishwe?

Kijana wa Tegeta
Mbona mnalifanya gumu? Neno bado liko hai. Clove, yaani karafuu, limetoka humohumo: cleave, clove, cloven. Karafuu ina kichwa kilichopasuka, angalieni vizuri. Nasi neno karafuu tumelitoa kwa Waingereza hao hao pamoja na mche wenyewe walipoutia Zanzibar.

Mpemba wa Wete
Ndugu yangu wa Tegeta, hapo umekosea mara tatu kwa pumzi moja, na mimi nimelelewa chini ya mkarafuu, sitanyamaza.

Kwanza neno. Karafuu ni Kiarabu, qaranful. Mwingereza hana mkono humo.

Pili mche. Asili yake ni visiwa vya Maluku, huko Indonesia. Kwetu ulipitia visiwa vya Bahari ya Hindi walikokuwa Wafaransa, ukaenea zama za Sayyid Said. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo karafuu ni Pemba.

Tatu hilo neno lao la clove. Limetoka Kifaransa, clou, msumari. Ishike karafuu kavu mkononi uitazame: kichwa na mwili, msumari mtupu. Hakuna aliyepasua kitu.

Wala kwetu karafuu haipasuliwi. Inachumwa na kikonyo chake, inaletwa nyumbani kwa polo, yaani gunia kubwa, na usiku watu wanakaa jamvini *kuchambua*. Unashika kichala, unakisukuma kwenye kiganja, karafuu zinaachia huku na makonyo yanabaki kule. Mama yangu alikuwa hatazami mikono, anazungumza na majirani na pishi inajaa. Asubuhi zinaanikwa. Hiyo ndiyo kazi ya kutenga, na neno lake tunalo.

Kijana wa Tegeta
Sawa kwa la karafuu, nimekubali. Lakini punje ya kitunguu saumu nayo Kiingereza wanaiita clove. Hiyo nayo ni msumari?

Mwalimu Mstaafu
Hapo umepatia. Clove ya kitunguu saumu ni ya ukoo wa kupasua, kwa sababu kichwa kinagawanyika vipande. Ya karafuu ni msumari wa Kifaransa. Maneno mawili yamekutana tena kwenye sura moja, kama yale ya mwanzo. Na katika ukoo wa kupasua utakuta "cleft", anayotajwa nayo mtoto mwenye mdomo sungura, na "cloven", kwato za Mambo ya Walawi 11. Sonara wa almasi nao wanalo. Ile almasi ya Cullinan, iliyochimbwa Afrika Kusini 1905 ikiwa na karati 3,106, ilipasuliwa Amsterdam mwaka 1908, na kitendo hicho kwa Kiingereza ndicho "cleaving".

Mjomba, kuhusu uvivu sikukusudia wewe. Nilifundisha miaka mingi, na nimeona mtoto akikutana na neno gumu akaliruka badala ya kuliuliza. Kijana wenu aliuliza. Mpeni heshima yake.

Dada Mhariri
Bado nasubiri mtu anijibu la 1662.

Binti Mvita
Mpemba, hapo kwenye kuchambua umenikumbusha jambo. Tunashangaa Kiingereza kuwa na kushika na kuachanisha kwenye neno moja, na mzizi wetu wenyewe hatuutazami. Biblia yetu inasema "ataambatana na mkewe". Ambatana imetoka kwa ambata, kunata. Sasa chukua mzizi huo huo uutie mkia mwingine: *ambua*. Unaambua ganda, unaambua ngozi. Bandika na bandua ni vilevile, ganda na gandua, funga na fungua. Kwa Waingereza mizizi miwili ilimezwa na sauti moja. Kwetu mzizi ni mmoja na mkia ndio unaosema kama kitu kinashikana au kinatoka. Msikilizaji harusini hawezi kuchanganyikiwa.

Kijana wa Tegeta
Mbona kuna azima? "Nimeazima kalamu" nimechukua. "Niazime kalamu" wewe unatoa. Kutoa na kupokea ndani ya neno moja, na mkia haujabadilika.

Binti Mvita
Anayesema vizuri atasema azimisha kwa kutoa.

Mpemba wa Wete
Anayesema vizuri wapi, dada? Kwetu jirani anakuja mlangoni anasema "niazime kinu", anapewa kinu, anakirudisha jioni. Usitusahihishe kwa kitu ambacho hatujakosea.

Binti Mvita
Kaka, sikusema Pemba mmekosea. Nimesema liko neno la kutenga maana hizo mbili na ni hasara kuliacha. Bibi yangu wa Kibokoni alikuwa akilitumia kila siku, na maneno yake mengi nimeshayapoteza kwa sababu hakuna nyumbani anayeyasema tena. Ndiyo maana nimeng'ang'ana.

Mpemba wa Wete
Hapo nimekuelewa. Mama naye ana ya kwake ambayo wanangu hawayajui. Kikonyo wanakiita kijiti.

Mjomba wa Moshi
Wakuu, nimempigia bibi harusi, nikamwambia yote, la kuni na la gundi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwa nini anataka ile ya 1611: marehemu babu yake, yaani baba yangu mzazi, alisoma somo hilo hilo kwa Kiingereza kwenye harusi ya wazazi wake. Biblia hiyo wamemwachia yeye, na kwenye ukurasa huo kuna wino wa babu chini ya neno lile. Mimi sikujua. Nilikuwepo siku hiyo na sikumbuki.

Bado nasema neno hilo linachanganya watu, msimamo wangu sijaubadilisha. Lakini nitalisoma, kwenye kitabu chake. Nikimaliza nitasoma Kiswahili, "ataambatana na mkewe", ili wazee wa upande wetu wasiachwe nje. Yule kijana aliyeuliza nimemwomba asimame nami awaeleze wageni kwa dakika mbili. Amekubali.

Dada Mhariri
Heri kwa maharusi, Mjomba. Na kwenye kiapo mchungaji atasoma kipi?

Mjomba wa Moshi
"Do part", dada. Hicho cha 1662. Nilimuuliza baada ya kukusoma.