Mika tupu, mika ya APTES au dhahabu: ipi ya kulazia DNA?

bafa_safi: Wakuu, nataka kupima urefu wa DNA kwa hadubini ya AFM (inayopapasa uso kwa ncha nyembamba), kisha origami za DNA (DNA iliyokunjwa kuwa maumbo) zijipange zenyewe juu ya uso. Kuna uso mmoja unaotosha kwa yote mawili?

Nanomita: Mika tupu, yale madini yanayobanduka tabaka kwa tabaka. Bandua tabaka la juu kwa selotepu. Likitoka nusu, rudia. Weka DNA nanogramu 1 kwa kila mikrolita ndani ya bafa ya Tris milimola 10 yenye MgCl2 (chumvi ya magnesi) milimola 5 hadi 10. Dondosha mikrolita 20, subiri dakika 3, suuza kwa maji safi, kausha kwa nitrojeni. Mika ina chaji hasi, DNA vilevile; magnesi ndiyo inayozishikanisha. Ukitumia bafa ya TE (Tris yenye EDTA), EDTA itanyakua magnesi na picha inaweza kutoka tupu. Kagua bafa kabla ya kuilaumu hadubini. Jozi 1000 za besi zikupe karibu nanomita 340. Kimo kikisoma nanomita 1 au pungufu badala ya 2, usishtuke, ni kawaida.

silani: APTES (kemikali ya aina ya silani, hupakwa juu ya mika kuipa chaji chanya) isipuuzwe mkuu, inashika DNA hata pasipo magnesi. Ila inaikamata pale pale inapogusa, haipati nafasi ya kujinyoosha, kwa hiyo umbali wa ncha hadi ncha hutoka mfupi. Tena paka kwa mvuke pakavu. Unyevu ukiingia, silani huungana yenyewe na kuacha vinundu ambavyo mtu anaweza kudhani ni protini.

Nanomita: Ndiyo maana kwa origami haifai kabisa. Hizo lazima ziteleze ndipo zipangane.

bafa_safi: Na dhahabu?

silani: Hiyo ni ya vihisio. DNA ya uzi mmoja yenye thioli (kishikizo cha salfa kinachong'ang'ania dhahabu), mikromola 1 katika NaCl mola 1, halafu mekaptoheksanoli milimola 1 kwa saa moja kung'oa zilizolala ovyo. Kwa AFM, chembechembe za dhahabu ya kawaida zinaificha DNA.

Nanomita: Kwa origami basi: mika, magnesi milimola 10, ongeza NaCl. Sodiamu hushindana na magnesi, mshiko unalegea. Anza na milimola 100, panda kidogo kidogo. Zikibaki zimekaa upogo, chumvi haijatosha, zikitoweka, imezidi. Nikeli usiiguse mpaka mpangilio ukamilike, kwani inagandisha kila kitu kilipo.