Mafundi wa gia boksi oto Mbeya mnaofungua kabla ya kupima, hela zetu mnaziokota wapi?

Wakuu habari za majukumu. Naandika nikiwa na hasira, kwahiyo mtu asije na "pole mkuu ndo magari yalivyo". Sio magari. Ni watu.

Nina RAV4 Kili Time, ile ya injini ya 1AZ, gia boksi oto ya gia nne. Gari imetunzwa, kazi yake ni duka langu la pembejeo hapa Uyole, kupeleka mbolea na dawa Isyonje, mara mojamoja Tukuyu. Mwezi wa sita baridi ilivyokaza ikaanza tabia ya kupiga teke ikitoka namba moja kwenda mbili, yaani kishindo unakisikia mpaka kwenye siti, alafu inatulia, inakaa siku kadhaa iko poa kabisa, inarudi tena. Na taa ya cheki injini inawaka, inazima yenyewe. Hiyo taa ishikeni, tutairudia.

Nikaenda gereji moja hapa mjini, jina naliacha maana sitaki kesi. Fundi anasifiwa kila kijiwe eti ndo mwisho wa matatizo kwa magari ya oto. Hakuuliza hata swali moja. Kakaa kwenye siti, kaweka D, kaweka R, kaizungusha mpaka barabarani karudi, "Bosi, hapa pleti za klachi ndani ya boksi zimekwisha, tunashusha." Nikamwambia fundi mbona taa inawaka, hatuchomeki mashine kwanza tusome kodi za hitilafu? Akawageukia vijana wake, "Mzee anaamini kompyuta huyu," wakacheka wote. Soketi ya kuchomekea iko palepale chini ya usukani, na vimashine vya kusomea kodi siku hizi hata wafunga redio wanavyo.

Boksi ikashushwa. Mi nikashinda pale naangalia.

Oili iliyomwagika ilikuwa nyekundu, imefifia kidogo tu, hainuki. Pleti zikiungua oili inakuwa nyeusi na harufu ya kuungua unaipata hata hujainama, na stili pleti zinakuwa na madoa ya bluu ya moto. Hizi hazina doa. Karatasi ya friksheni ipo, michirizi ipo. Nikauliza fundi, mbona hizi nzima? "Bosi kwa macho huwezi kujua." Sawa, wewe ulijuaje kwa makalio ulipokaa kwenye siti?

Valvu bodi, ambayo ndani ina vijinjia vya oili na vigololi ambavyo kila kimoja kina shimo lake, imefunguliwa nje juu ya gunia, na upepo wa kiangazi wa Mbeya mnaujua, vumbi linatembea lenyewe. Kijana anafuta kwa kipande cha fulana kinachoacha nyuzi. Uzi mmoja ukikwama kwenye kivalvu basi gia hiyo inaweza isiingie, au iingie inapojisikia. Pleti mpya zimetoka kwenye nailoni zikaingia kwenye ngoma kavu kama zilivyo, wakati maelekezo ya Toyota yanasema uziloweke kwenye ATF, yaani oili ya gia boksi oto, kabla ya kufunga, kwasababu pleti kavu inaweza kuungua mapema tu gari inapovuta. Nafasi ya pleti kwenye ngoma haikupimwa na chochote. Upepo haukupulizwa kwenye matundu ya klachi kusikia kama pistoni inakaba au sili inavuja, na kompresa ipo pale inajaza matairi ya bajaji! Hicho kipimo ni cha dakika chache na ndicho kinakwambia kama kazi uliyofanya itashika au umefunga uchafu.

Toki konveta, lile dude la oili linalounganisha injini na boksi, imerudishwa na oili yake ya zamani ndani. Bomba za kupozea oili zinazopita kwenye rejeta hazikusafishwa. Maana yake kama kweli kungekuwa na unga wa pleti zilizoungua kama anavyodai, basi unga huo huo umerudi kwenye boksi kesho yake. Yani hata kwa uongo wake mwenyewe kazi haikufanyika.

Alafu oili. Limekuja dumu halina lebo. Nikasema hii gari inataka ATF ya aina ya T-IV, kwenye kijiti chenyewe cha kupimia imeandikwa, soma. "Bosi ATF ni ATF, zote nyekundu." Jamani rangi! Hiyo rangi inawekwa ili ukiona inavuja ujue inatoka wapi, haisemi chochote kuhusu oili inavyoshika pleti. Na ameipima injini imezimwa, ya baridi, wakati inapimwa boksi ikiwa ya moto, injini inaunguruma, umepitisha mkono wa gia P mpaka L ukarudi P.

Laki tisa na nusu nikalipa, spea na ufundi. Pleti za zamani nikaambiwa "zimeshatupwa".

Gari ikatoka na teke lake lilelile. Ila sasa limepata ndugu: ukiweka D inafikiria kwanza ndo iingie, na ukipanda Mlima Nyoka na mzigo injini inalia mshale unapanda gari haiendi, inateleza. Na chini kati ya injini na boksi inadondosha oili, pale kwenye sili ya mbele. Konveta inatakiwa uizungushe ikae mpaka mwisho kwenye pampu ndo ufunge boksi, ukivuta kwa bolti haijakaa unaharibu pampu. Kama ndo walivyofanya mi siwezi kuapa, ila niliona bolti zinavyolazimishwa kwa spana ndefu. Kurudi naambiwa "Bosi pleti mpya hizo, inabidi zizoee." Baadaye wimbo ukabadilika, eti tutafute boksi nzima ya mtumba kutoka Dar.

Kilichonimaliza ni Iringa. Shemeji yangu ana kijana anamjua, wa umeme wa magari, hata banda la maana hana. Kachomeka mashine kabla hata sijamaliza kusalimia. P0753 na P0758. Kwa msiojua, hizo ni soleni, vivalvu vya umeme vya kubadilishia gia, A na B, na kodi zenyewe zinasema shida ni ya UMEME, sio ya pleti. Kachukua testa kapima soleni kwenye soketi ya boksi bila kufungua hata nati moja: za kuwasha na kuzima zinatakiwa ohm 11 mpaka 15, za kurekebisha preshia ohm 5 mpaka 5.6. Zote nzima. Kafuata waya, nzima. Imebaki kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari. Kaifungua, kanishikisha lenzi, lehemu zimepasuka mnaona kabisa. Ndo maana lilikuwa linakuja na kupotea. Na kompyuta ikishapoteza soleni inaachia preshia ya oili ipande juu ili pleti zisiteleze zikaungua, gia inaingia kwa nguvu zote. Lile teke ni gari inajilinda!

Na hili sio la ajabu. Kule Marekani Toyota wenyewe waliongeza muda wa waranti ya kompyuta za RAV4 za 2001 mpaka 2003 kwa tatizo hili hili la gia kugonga. Gari zimejaa Mbeya nzima hizi. Fundi anayejiita wa oto hajui hili, na hataki kujua.

Kijana karudishia lehemu, teke limeisha. Ugonjwa nilioenda nao gereji umepona kwa hela ya kununua jozi ya viatu. Uliobaki ni ule nilioununua kwa laki tisa na nusu.

NYONGEZA: Naona mmeanza. Anayesema "ulitaka rahisi", laki tisa na nusu kwako ni rahisi? Hongera. Anayesema fundi naye ana familia, mi nina mbwa?

Mwenye Xtrail ya CVT aliyeuliza kama aweke ATF hii hii: USIWEKE. CVT inategemea mkanda wa chuma usiteleze kwenye puli na oili yake ni nyingine kabisa, ukitia ATF ya kawaida unaua boksi. Ukiambiwa zote sawa ondoa gari.

Na mafundi mliokuja kujitetea kwamba wateja hatutaki kulipia vipimo. Nani alikataa? Niliomba mashine nikachekwa. Nitajie bei ya kusoma kodi, bei ya kupima soleni, bei ya stoli testi (kukanyaga mafuta gari ikiwa kwenye gia huku mguu wa kushoto umekaza breki, uone kama boksi inashika, vizuizi kwenye matairi, sekunde 5 zisizidi, sio ile ya kukanyaga mafuta mpaka boksi inatoa moshi mnayowafanyia watu), nalipa kila kimoja na ukisema boksi ni nzima nalipa na asante juu. Mnachokataa nyie ni kupima, kwasababu kipimo kinaweza kusema hakuna kazi ya laki tisa hapo. Na pleti za zamani ni mali yangu, zikitoka ziwekwe kwenye mfuko nipewe, hata kama nazitupa mwenyewe.

Sasa hii inayoteleza lazima mtu aiangalie, hilo najua. Ila kwenye boksi kuna plagi ya kufungia geji ya kupima preshia ya oili, inafikiwa boksi ikiwa palepale kwenye gari. Natafuta fundi mwenye hiyo geji, kuanzia Tunduma mpaka Makambako, awe nayo mkononi sio ya "nitaazima". Namba zije inbox. Bolti ya boksi haiguswi mpaka niuone mshale.