Eti "shit" ni alama ya magunia melini?

Mwanjelwa_Kwetu: Wakuu, kuna ujumbe unazunguka kwenye magrupu huku Mbeya. Eti zamani samadi kavu ilisafirishwa kwa meli. Ikilowa inatoa gesi, baharia akishuka usiku na taa, meli inalipuka. Ndipo magunia yakapigwa mhuri S.H.I.T., "Ship High In Transit", yaani yapangwe juu, na eti ndiko lilikotoka neno la Kiingereza la mavi. Kuna ukweli?

Lilinga: Hamna kitu, mkuu. Angalia umri wa neno kwanza. Kabla ya mwaka 1100 Kiingereza tayari kilikuwa na *scitte*, yaani kuharisha. Ndugu zake wapo mpaka leo: Mjerumani ana *scheißen*, Mholanzi *schijten*, Mswidi *skita*. Kama lilizaliwa kwenye magunia ya Waingereza, hawa walilitoa wapi? Halafu linganisha nakala za ujumbe huo: wengine wameandika Ship, wengine Store, wengine Stow. Mhuri wa kweli haubadiliki maneno kila ukihadithiwa. Na mtindo wa kuunganisha herufi za mwanzo zikatamkwa kama neno, kama TAZARA, umeshamiri karne ya 20.

Samadi_Rungwe: Hata gesi yenyewe inagoma. Mwenye mtambo wa biogesi anajua: ndoo moja ya kinyesi kibichi kwa ndoo moja ya maji, ukoroge, uingize kwenye shimo lisilopitisha hewa. Hapo bado unasubiri wiki kadhaa, na kwa baridi yetu hii zaidi. Hewa ikipenya, vijidudu vinavyotengeneza methani, ndiyo gesi yenyewe inayowaka, vinagoma kazi. Gunia lililolowa pembeni litaoza na kunuka tu. Na methani haiwaki mpaka iwe kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa.

Kipengele: Tunazijua hizi za kubandika maneno baadaye. Si ndiyo AIDS ikageuzwa "Acha Iniue Dogodogo Siachi"? Tofauti ni kwamba ile kila mtu alijua ni utani.

Mwanjelwa_Kwetu: Na lile tusi la F, "fuck"? Wanasema "Fornication Under Consent of the King", yaani uasherati kwa idhini ya mfalme, kibali kinachotundikwa mlangoni.

Lilinga: Mtambo ule ule. Kiholanzi kina *fokken*, Kijerumani *ficken*, na hao hawakuomba kibali kwa mfalme wa Uingereza. Kuna shairi la mwishoni mwa karne ya 15, limechanganya Kilatini na Kiingereza, linawasema watawa wa Cambridge kwamba hawataiona mbingu kwa sababu ya wake za watu wa Ely, mji wa jirani. Neno lenyewe limefichwa: *gxddbov*. Rudisha kila herufi nyuma hatua moja kwa alfabeti ya wakati ule, g iwe f, x iwe v (ambayo ndiyo u yao), d iwe c, mpaka mwisho: unapata *fuccant*, neno la Kiingereza lililovalishwa mkia wa Kilatini. Sasa kibali cha mfalme kinachotundikwa mlangoni, mtunzi angekificha kwa herufi za mafumbo ili iweje?