Karata za tarot: picha za muuzaji, video au programu ya simu? Ipi inakuonyesha ukweli kabla hujalipa

MtuWaMwanza: Wakuu habarini. Nataka seti yangu ya kwanza ya tarot, zile karata 78 za picha, ya mtindo wa zamani uitwao Marseille. Huku nilipo sijaona duka la kuishika mkononi, ni kuagiza tu, na gharama ya kusafirisha mzigo inauma. Kuchungulia naona njia tatu: picha za muuzaji, video za wanaofungua boksi na kupitisha karata moja moja, au programu ya simu yenye seti nzima. Mnaamini ipi?

Bibi_Karata: Video. Muuzaji atakuwekea Mwezi, Nyota na Kifo, basi. Hizo ni za kundi liitwalo karata kubwa, ziko 22 tu. Zile 56 zilizobaki ndizo utakazozishika kila siku, na hazionyeshi. Kwa Marseille ndiyo hatari zaidi: saba ya vikombe ni vikombe saba vimepangwa, hakuna mtu wala kisa. Ukiwa umezoea seti ya Rider ya 1909, aliyoichora Pamela Colman Smith, ambayo hata karata ndogo zina kisa, utadhani umeibiwa.

Mjukuu_wa_Uru: Shikamoo Bibi. Kweli, lakini Marseille isimtishe aliyekulia kwenye baraza la karata. Kopa, shupaza, uru, pau: majina hayo ni ya Kireno, na kwao yana maana ya vikombe, panga, dhahabu na magongo. Ndizo alama za Marseille hizo hizo! Tumekuwa tukizitaja tangu utoto bila kuziona.

Zaituni77: Si ramli hizi jamani?

Mjukuu_wa_Uru: Wengi wanapigia ramli, ndiyo. Ila zilianza Italia karne ya 15 kama mchezo wa kawaida.

FundiSimu: Mimi ni mtu wa programu. Unaziona zote 78, unakaa nazo wiki mbili, zikikuchosha umeokoa hela. Kasoro yake nimeijua baadaye: kioo cha simu kinang'arisha rangi, na hakikwambii ukubwa. Seti yangu ilipofika rangi zimepoa, na karata zimenizidi kiganja, kuzichanganya ni kazi. Nyingi zina kama sm 7 kwa 12. Kata kipande cha boksi kwa kipimo hicho ukishike kwanza. Anayetaka Rider asinunue programu kabisa, picha za 1909 ziko zote bure Wikimedia Commons, ile hifadhi ya picha mtandaoni.

Bibi_Karata: Marahaba mjukuu. Fundi umenena. Nyongeza: kwenye video fungulia sauti. Karata nyembamba utazisikia zinavyochanganywa. Tazama na mwanga wa taa ukiangukia karatasi, za kung'aa sana zinakera macho.

Kasuku_Mweusi: Na feki je? Niliagiza moja kwa bei ya chee, zikaja nyembamba, kingo zimekula picha, na badala ya kitabu kuna msimbo wa QR. Siku hizi nalinganisha picha ya muuzaji na ya mchapishaji, karata kwa karata. Angalia na namba: kwenye Marseille, karata ya Haki ni 8 na ya Nguvu ni 11. Rider imezigeuza.

MtuWaMwanza: Asanteni sana. Nimekata boksi la sabuni, kiganja kinamudu. Video nimeshaona tatu usiku huu. Mbili zimeiruka saba ya vikombe.