Shemeji kaandikiwa skizofrenia (ugonjwa mkali wa akili) huku mtoto ndiye anayetafsiri. Miadi ijayo tuombe nini? (Marekani)

Mtaa_wa_Pili: Wakuu, shemeji yangu ni wa Kivu Kusini, Kongo, sasa yuko Kentucky. Hapati usingizi, analalamika kichwa kinawaka moto, na marehemu mama yake humjia usiku kumsemesha. Kliniki wameandika skizofrenia. Aliyetafsiri ni binti yake wa miaka 12. Anarudi baada ya wiki mbili.

Bi_Mkalimani: Poleni. Mtoto atoke hapo kwanza. Kliniki inayopokea fedha za serikali ya shirikisho inapaswa kutoa mkalimani aliyefuzu, bure; mtoto hatumiki ila kwenye dharura. Pigeni simu leo, msingoje siku yenyewe. Karani aandike kwenye faili "Kiswahili cha Kongo", maana mkipewa wa Nairobi mengi yatapotea njiani. Tena awe wa simu, wa jimbo jingine. Mkimkuta ni muumini wa kanisa lenu, shemeji hafungui mdomo. Ombeni na muda mrefu zaidi, kila sentensi itasemwa mara mbili.

Dokta_Zamu: Kutokewa na marehemu usiku, hasa msiba ukiwa mbichi, peke yake si skizofrenia. Vigezo vya DSM-5, kitabu cha Marekani cha kutambua magonjwa ya akili, vinataka dalili mbili au zaidi kwa sehemu kubwa ya mwezi, na tatizo liwe limedumu walau miezi 6. Watu weusi Marekani hubandikwa ugonjwa huu zaidi kuliko wazungu, huku sonona na kiwewe cha vita vikipitwa. Muulizeni daktari kama atatumia mahojiano ya utamaduni yaliyomo humo humo, maswali 16: nyumbani tatizo mnaliitaje, mnadhani limeletwa na nini, mmeshamwendea nani. Na kichwa kuwaka moto kitajwe pamoja na usingizi na hamu ya kula. Kikitajwa peke yake huenda akapigwa picha ya kichwa, ionekane safi, arudishwe nyumbani.

Mtaa_wa_Pili: Asanteni. Dawa aache? Mchungaji anataka afunge siku 3, bila hata maji.

Dokta_Zamu: Asikatishe ghafla, aongee na aliyemwandikia. Someni chupa: kama kuna lithiamu (dawa ya kutuliza hisia), kufunga bila maji ni hatari kweli. Inalimbikizana mwilini, mikono inatetemeka, anatapika. Hapo ni hospitali mara moja. Maombi aendelee, maji anywe. Akitaja kujiua, pigeni 988, namba ya msaada wa dharura ya Marekani, saa yoyote.

Bi_Mkalimani: Huyo mchungaji msigombane naye. Shemeji akiridhia, nendeni naye kwenye miadi, amsikie daktari mwenyewe.