Kompyuta ikigoma katikati ya kipindi, mwalimu wa kujitegemea ajipange vipi?

Mwalimu Dirishani
Ndugu walimu, nawasalimu. Ninafundisha lugha kwa njia ya mtandao, mwanafunzi mmoja mmoja, bila kuajiriwa na yeyote, na kwa hiyo sina fundi wa ofisi wa kumwita mambo yanapoharibika. Wiki iliyopita, dakika 20 baada ya kipindi kuanza, kompyuta yangu ilijizima na kuanza kusakinisha masasisho, ikaniachia maandishi meupe kwenye kioo cha bluu yakinionya nisiizime. Asilimia zilipanda hadi 27, zikatulia hapo. Namba ya mwanafunzi ilikuwa ndani ya kompyuta hiyo hiyo. Nilipompata, muda wa kipindi ulikuwa umekwisha, naye, kwa upole ulionizidishia aibu, akaniambia alidhani nimeugua ghafla. Nilifikiria kununua kompyuta ya pili, lakini kipato changu hakiruhusu kwa sasa. Wenzangu mmejipangaje ili hitilafu ya namna hii isiue kipindi kizima?

Karani wa Chaki
Pole sana, mwalimu mwenzangu. Kompyuta ya pili unayo tayari, nayo ni simu yako. Mimi huingia darasani kwa vifaa viwili tangu mwanzo: kompyuta huwa mwenyeji wa kikao, na simu, ikiwa imefungwa kipaza sauti na spika ili isirudishe mwangwi, hukaa pembeni kama mwenyeji mwenza, yaani nayo ina mamlaka ya kuendesha kikao. Kompyuta ikianguka, chumba hakifungwi. Mwanafunzi hunisikia papo hapo nikimwomba dakika moja, na mara nyingi tunaendelea kwa simu hadi mwisho wa kipindi. Sharti ni kwamba simu itumie bando la laini yake na si Wi-Fi ya nyumbani, kwani vifaa viwili vinavyotegemea ruta moja, yaani kile kifaa kinachosambaza Wi-Fi, ni sawa na kifaa kimoja.

Somo lenyewe nalo lisilale kwenye mashine moja. Huligeuza kuwa faili ya PDF, nikaiweka kwenye simu na kumtumia mwanafunzi kabla ya kipindi, ili hata tukibaki na sauti tupu niweze kumwambia afungue ukurasa wa 3. Mtandao ukilegea, kamera ndiyo ya kwanza kufungwa, kwa kuwa video hula data nyingi mno ikilinganishwa na sauti. Namba za wanafunzi ziandikwe kwenye daftari la karatasi. Wapo watakaolicheka, waache wacheke.

Bisibisi
Ninaafikiana na Karani, isipokuwa katika jambo moja ambalo nimeona likiwaumiza wengi ninaowatengenezea mashine. Simu hiyo anayoisifu ndiyo pia inayopokea tarakimu za uthibitisho unapoingia kwenye akaunti yako, hivyo ikipotea au ikivunjika kioo, hata ukiazima kompyuta nzuri ya jirani utabaki mlangoni. Huduma nyingi hukuruhusu kutoa mapema tarakimu za akiba za kutumia mara moja moja. Zichapishe, uzitunze mbali na simu.

Kuhusu masasisho, Windows ina mpangilio wa kutaja saa unazotumia mashine, hadi saa 18 kwa siku, ili isijiwashe upya yenyewe ndani ya saa hizo. Taja saa zako za kufundisha, lakini usiyazime masasisho moja kwa moja, maana ndiyo yanayoziba mianya ya usalama. Kama bado unatumia Windows 10, fahamu kuwa Microsoft ilikomesha huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Umeme ukikatika, kompyuta mpakato huendelea kwa betri yake huku ruta ikizimika, na mwalimu hushangaa kuona mashine inawaka lakini mwanafunzi hayupo. Ruta hula umeme kidogo sana, hivyo hata kifaa kidogo cha akiba ya umeme kinaitosha. Mengine ni usafi tu: vumbi kwenye feni, diski iliyojaa pomoni, na mashine isiyozimwa wiki nzima. Izime na kuiwasha nusu saa kabla ya kipindi.

Msafiri wa Kibao
Nitaongeza la makubaliano. Kila mwanafunzi mpya mimi humpelekea maandishi mafupi yanayosema kwamba nikitoweka asubiri dakika 10 akiwa na simu karibu, na kwamba dakika zilizopotea kwa hitilafu ya upande wangu nitazifidia. Tangu nianze kufanya hivyo sijagombana na mtu. Halafu fanyeni zoezi. Nilipoizima kompyuta kwa makusudi mara ya kwanza, ilinichukua dakika 11 kurejea, kwa sababu programu kwenye simu ilidai isasishwe kwanza na nenosiri nilikuwa nimelisahau.

Mwalimu Dirishani
Nawashukuru nyote. Jana usiku nilifanya zoezi hilo na dada yangu akiwa mwanafunzi, nikagundua kwamba programu kwenye simu haikuwahi kupewa ruhusa ya kutumia kipaza sauti. Alikuwa akiniona nikichezesha midomo tu. Limebaki moja: kwenye kompyuta huandika ubaoni kwa kipanya, ilhali kioo cha simu ni kidogo mno kwa kuandikia. Nifanyeje?

Karani wa Chaki
Tumia karatasi nyeupe na kalamu ya wino mzito. Panga vitabu vizito viwe mnara, ilaze simu juu yake kamera ya nyuma ikiwa imechomoza ukingoni na kutazama chini, kisha uandike chini yake. Jaribu kwanza na dada, kwani huenda picha ikamtokea kichwa chini miguu juu, na hapo itakubidi uigeuze karatasi au uhamie upande wa pili wa meza.