Ule migebuka yangu wewe, halafu uniulize kwenye maiki mimi ni nani?

Kapu la Kibirizi aliandika:

Wakuu sisalimii. Nimetoka kikaoni sasa hivi, jasho halijakauka, simu naibonyeza kama namtoboa mtu jicho.

Wa Kigoma wote mnamjua, simtaji. Yule wa suti nzito na skafu ya kijani na njano hata jua la saa nane. Yule akipanda bodaboda anataka dereva apige honi kuanzia Gungu mpaka Mwanga ili watu wageuke. Yule ambaye uchaguzi wa tawi letu la Yanga kauahirisha mpaka kalenda yenyewe inaona aibu. Huyo huyo.

Leo tumeitwa, ajenda moja tu: uchaguzi lini. Tumekaa kwenye viti vya plastiki vya kukodi, watu kumi na saba kwa hesabu, nimehesabu mwenyewe kwa sababu hakukuwa na kingine cha kufanya. Mara anaingia na maiki na spika la harusini. Watu kumi na saba! Chumba hicho ukipiga chafya wote wanakuambia pole. Maiki ya nini?

Akaanza: "Ndugu Wananchi, klabu yetu tangu 1935 haina utamaduni wa kubadilisha viongozi ovyo ovyo, wala haijawahi kugawanyika hata siku moja."

Nikameza mate. Nikajiambia tulia, biashara yako inahitaji watu. Lakini jamani, mimi nimelelewa na mzee ambaye akikukasirikia hakuiti mbwa wala nguruwe, anakuita Raizoni, lile kundi la Yanga lililogombana na letu la Kandambili miaka ya sabini. Mpaka anaingia kaburini viatu vya raizoni havikuvuka kizingiti chake. Kanda mbili tu, misibani kanda mbili, harusini kanda mbili. Leo mtu aniambie hatujawahi kugawanyika?

Nikanyoosha mkono. Kwa adabu, wakuu, shahidi mke wangu hata kama hakuwepo. Nikasema mwenyekiti samahani, na wale walioondoka 1976 wakaanzisha klabu yao ya Pan African, wao walikuwa wameenda kuchota maji?

Akanitazama. Akavuta maiki mdomoni mpaka spika likapiga yowe. Akasema:

"Kwani wewe ni nani?"

MIMI NI NANI!

Mtu kachukua kwangu migebuka minne Jumatano, mikubwa, ile ya kukaanga na kubakiza ya kesho, kwa neno "nitakupitia jioni". Jioni ya mwaka gani hakusema. Daftarini ana ukurasa wake peke yake, hata karatasi imelowa mafuta. Kaila, kaishusha, kaja kikaoni na nguvu za samaki wangu, na hizo hizo nguvu ndizo kashikia maiki kuniuliza mimi ni nani. Nadhani hata migebuka huko tumboni iliguna.

Eti hakuna utamaduni wa kubadilisha viongozi. Klabu ipi hiyo? Si hii ambayo Nchunga kaingia 2010 na 2012 kaondoka, kiti hakijapata hata joto? Manji kaingia mwaka huo huo, 2017 kaandika barua ya kujiuzulu, 2018 wanachama wakaikataa barua yenyewe! Mtu anasema nimeacha, wanamjibu hapana hujaacha. Sanga akabaki anakaimu. Msolla 2019. Hersi 2022, na hapo hata cheo kikabadilika kikawa rais. Na kabla ya hao wote sijagusa mgawanyiko wa Yanga Asili na Yanga Kampuni, maana nikigusa nitalia. Sisi kubadilisha viongozi ndiyo mila yetu, ndiyo ngoma yetu ya asili.

Lakini hayo si kitu. Kinachoniua ni "kwani wewe ni nani". Kwenye maiki. Yule kijana wa spika, ambaye hata si mwanachama, kalipwa kwa saa, akacheka.

Hoja sina, wakuu. Nina hasira tu. Mods msiuunganishe uzi huu na ule wa bei ya dagaa.

—

Mnyama wa Ujiji:

Nimesoma vizuri mpaka hapo kwa Nchunga, lakini mleta mada umeruka kwa nini aliondoka. Simba tuliwapiga tano bila, Mei 2012. Ukisimulia historia usibague.

—

Honi ya Gungu:

Hizo honi ndizo mimi nazipiga. Na hajanilipa. Fungua ukurasa wa pili kwenye daftari lako niandike.

—

Dada wa Mwandiga:

Samahani kaka, na wewe ni nani?

—

Kapu la Kibirizi:

Dada wa Mwandiga nakuheshimu kwa sababu unaweza kuwa mteja. Usirudie.

—

Bwana Ushahidi:

Chai hii. Watu kumi na saba kwenye kikao cha tawi Kigoma bila soda? Hujasema soda iliishia wapi. Weka picha ya daftari tuanze kuamini.

—

Kapu la Kibirizi:

Soda zilikuwepo, kreti moja, ikakaa mbele chini ya meza yake mpaka mwisho. Mimi ningeongea ya soda uzi usingetosha. Tubaki kwenye maiki.

—

Asali ya Tabora:

Mwangaluka wana mwisho wa reli. Nyie mnalia tawi? Sisi Tabora mjini aliyekuwa mbunge wetu, Rage, ndiye huyo huyo alikuwa mwenyekiti wa Simba. Ukimtafuta kwa barabara uliambiwa yuko Msimbazi, makao ya Simba, ukimtafuta Msimbazi uliambiwa yuko Bungeni. 2013 kamati ya utendaji ikamsimamisha akiwa safarini, kapinduliwa kama rais wa nchi. Karudi, kakaa kwenye kiti chake, akamaliza muda wake 2014. Huyo ndiye mwenyekiti. Wenu kwa migebuka minne tu anatetemesha spika?

—

Mnyama wa Ujiji:

Asali hayo ya Rage yanahusiana vipi na uzi huu? Hapa tunajadili matatizo ya majirani.

—

Mzee wa Kanda Mbili:

Kijana mleta mada, baba yako alikuwa mtu safi. Hilo la 1976 usiache. Lakini na wewe ulikosea: ulitaja Pan African mbele ya mtu aliyeshika maiki. Historia ya Jangwani, yaani ya Yanga, husimuliwa kwenye kahawa, watu wamekaa, hakuna anayegombea chochote. Ukiisimulia kwenye kikao cha uchaguzi inakuwa kampeni. Pole lakini.

—

Kapu la Kibirizi:

Shikamoo mzee. Nimekuelewa. Lakini angejibu hata "sijui". Angesema "tutalijadili". Angekohoa! Kuna majibu mia. Yeye kati ya yote kachagua kuniuliza mimi ni nani, na alikuwa na mwiba wangu kwenye meno.

—

Bwana Ushahidi:

Mwiba wa Jumatano mpaka leo Jumamosi? Nilisema chai.

—

Wananchi Bangwe:

Mnyama wa Ujiji umetaja tano za 2012, kwa nini umeishia hapo? Tano moja tulizowapiga Novemba 2023 umezisahau au intaneti yako ilikatika?

—

Mnyama wa Ujiji:

Nyie na tano zenu. Julai 25, 2021, fainali ya FA, uwanja wa Lake Tanganyika, hapa hapa kwenu nyumbani, Simba moja bila, bao la Taddeo Lwanga. Nilitembea kwa miguu mpaka Ujiji naimba. Nikitaka kukuumiza zaidi nitakwambia 1977, sita bila, lakini mama yako ananijua sitaki.

—

Mpangishaji Katubuka:

Hiyo fainali mmenikumbusha. Walikuja vijana wanne kutoka Dar kulala kwangu, wawili jezi nyekundu wawili jezi ya kijani, wakaniambia ni ndugu. Baada ya mechi wakagombana mpaka mlango ukatoka na bawaba zake. Asubuhi wote wanne wamepanda gari pamoja wanacheka, mlango wangu uko uani. Yupo anayewajua? Nilitengeneza kwa hela yangu.

—

Honi ya Gungu:

Mpangishaji na wewe andika daftarini.

—

Asali ya Tabora:

Mkiendelea na za moja na tano na sita, nakumbusha tu kwamba Novemba 2024 Tabora United iliwafunga Wananchi, yaani nyie Yanga, tatu moja, uwanja wa Chamazi. Sisi hatuna historia ndefu ya viongozi, tuna hiyo tu, na tunaitumia kila siku.

—

Wananchi Bangwe:

Mods, huyu wa Tabora kafikaje huku?

—

Dada wa Mwandiga:

Kwa reli.

—

Mama Kikoba:

Jamani niingilie. Mnazungumzia mwenyekiti wa mpira, mimi wa kikoba chetu ndiye mwenyekiti, ndiye mweka hazina, na ufunguo wa sanduku anavaa shingoni na shanga. Juzi tukamwuliza mahesabu, akasema sanduku haliwezi kufunguliwa kwa sababu yeye ana mafua. Mafua na sanduku! Mwaka wa tatu sasa. Angalau wenu alikuuliza wewe ni nani, wetu hatuulizi chochote, anaimba pambio mpaka muda unaisha.

—

Bwana Ushahidi:

Hii sasa naamini. Endelea mama.

—

Mama Kikoba:

Pambio lenyewe anaanzisha juu sana, wote tunakwama, tunaanza upya.

—

Mzee wa Kanda Mbili:

Mama Kikoba, mnahitaji funguo tatu, watu watatu. Sisi zamani kwenye chama cha wavuvi ilikuwa hivyo, sanduku halifunguki mpaka wote watatu wapo.

—

Mama Kikoba:

Mzee tulijaribu. Wote watatu ni dada zake.

—

Kapu la Kibirizi:

Wakuu naomba turudi kwenye mada. Kwenye maiki, mbele ya watu kumi na saba…

—

Mnyama wa Ujiji:

Kumi na nane, umemsahau kijana wa spika.

—

Asali ya Tabora:

Mleta mada, kwani hiyo migebuka ni bei gani sasa? Huku tunauziwa ya barafu imekauka kama kandambili ya baba yako, nisamehe mzee marehemu.

—

Kapu la Kibirizi:

Mibichi au ya kukausha? Bei imepanda. Tangu ziwa lilipofungwa ile miezi mitatu 2024 haijawahi kurudi ilipokuwa, na mafuta ya injini nayo ndiyo hivyo. Lakini kwa mteja wa mbali tunaongea.

—

Asali ya Tabora:

Ya kukausha. Nina mwanangu yuko kwenye treni, akifika Kigoma keshokutwa nampa asali ndoo moja, wewe unampa migebuka. Hakuna hela hapo, hakuna daftari.

—

Wananchi Bangwe:

Asali ya Tabora inawekwa sukari, muulize vizuri.

—

Asali ya Tabora:

Sukari unaweka wewe kwenye chai yako. Hii ya msituni, unaiona na nta yake.

—

Honi ya Gungu:

Mzigo ukifika stesheni mimi naubeba. Taslimu lakini.

—

Kapu la Kibirizi:

Sawa. Ndoo ya lita ngapi?